Jiwe Lenye Chumvi

Sogeeni, ngano inapita; mwenye sikio aishike mkia.

Masele, mume wa Kabula, alimezwa na mgodi. Kabula akabaki akiokota mawe meupe mlangoni mwa shimo, akiyapeleka kwenye kinu cha chuma kilichoachwa na wachimbaji wa zamani. Kinu hicho kilitwanga chenyewe, tena kilisema.

"Lete jiwe."

Akalilamba kwanza, kama wachimbaji wafanyavyo waone kama linameta, kisha akakipa. Unga akauosha kwenye karai, dhahabu ikabaki.

"Lete jiwe." La pili vilevile.

"Lete jiwe." La tatu alipolilamba lilikuwa na chumvi, chumvi ya shingo ya Masele akitoka kazini.

"Hili sikupi," akasema Kabula.

Akalilaza kitandani, akalifunika shuka. Alfajiri, chini ya shuka, mtu akakoroma.

Ngano yangu imelala hapo, msiiamshe.