Muhuri wa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kuna mji!
Tuuone!
Una nyumba!
Tuingie!
Thubutu, zina mwenyewe.

Mwenyewe ni Kiboko. Mwenyekiti wa viwanja yeye, mwenye nyumba za kupangisha yeye. Sheria ya mji aliitunga yeye pia: anayeomba kiwanja ajigaragaze akijaze, na kila kiwanja nyumba moja. Siku ya kupima alijigaragaza mwenyewe, garagaza, garagaza, mpaka mtoni.

Panya akaenda. "Shikamoo, Mzee. Naomba kiwanja."

"Marahaba. Jigaragaze."

Panya akajigaragaza, chwa. "Hakijajaa. Rudi ukapange."

Mjusi akaenda. "Shikamoo, Mzee. Naomba kiwanja."

"Marahaba. Jigaragaze."

Mjusi akajigaragaza, chwi. "Hakijajaa. Rudi ukapange."

Wakapanga. Kodi ilikuwa nusu ya kila kapu walilochuma.

Kindi naye alikuwa mpangaji, tena mjamzito. Kiboko akamwambia, "Ukizaa utalipa kapu zima. Huwezi, hama kabla ya masika." Kindi akaogopa sana. Akitoa kapu zima, wanawe watakula nini?

Siku ya baraza akaenda, wanyama wote wapo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Jigaragaze."

"Sikuja kuomba kiwanja, nina swali tu. Sisi wadogo tukizaa, makazi yetu ni juu ya nani?"

Kiboko akacheka, hwa hwa hwa! "Ni juu yenu!"

"Juu yetu?"

"Juu yenu! Kwani mimi ndiye niliyewazalisha?"

"Basi tupigie muhuri, Mzee, tusikusumbue tena."

Kiboko alipenda kupiga muhuri kuliko kula, na kula alikupenda mno. Kindi akaandika kwenye jani la mgomba: *Makazi ya wadogo ni juu.* Kiboko akakanyaga tope, akakanyaga jani. Ndii! Kusoma hakusoma. Wakubwa hawasomi, wanapiga muhuri.

Asubuhi yake, ko ko ko! Kiboko akatoka nje. Kindi yuko juu ya paa lake, anagongomea vijiti. Panya anapandisha udongo. Mjusi anaezeka.

"Nani kawapa ruhusa?"

"Wewe, Mzee. Makazi yetu ni juu. " Kindi akamwonyesha lile jani. "Mguu huu wa nani?"

"Wangu."

Kiboko akang'aka, "Lakini kila kiwanja nyumba moja!"

"Ndiyo, Mzee. Kiwanjani ipo moja, yako. Yetu haijagusa kiwanja."

"Naibomoa!"

"Bomoa. Ila ukiisukuma, itakayotangulia kuanguka ni ya chini."

Kiboko akakimbilia baraza. Baraza likauliza, "Mguu huu wa nani?" Kiboko akasema, "Wangu." Kesi ikaisha.

Ikaja ghorofa ya pili, ikaja ya tatu. Vyumba vya Kiboko vikabaki vitupu. Akashusha kodi ikawa robo kapu, hakuna mtu. Akashusha ikawa konzi moja, wakaja wawili, nao walikuwa wazee wasioweza ngazi. Kindi akazaa watatu, na kapu lake zima wakala wenyewe. Maganda ya karanga wakayatupa dirishani, po po po, kichwani kwa Kiboko.

"Takataka gani hizi?"

"Shikamoo, Mzee! Tuwie radhi. Si unajua, mkubwa ni jalala."

Ngano yangu nimewapangisha bure, mkiichoka mpangisheni mwingine. Na funzo lake ni hili: msiwaseme vibaya viongozi. Nyumba zile wadogo walipewa na Kiboko, na muhuri wake upo.