Katibu Nguchiro na Vyeo vya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kazi ngapi?
Kumi!
Siku ngapi?
Moja!
Na wewe na nani?
Peke yangu!
Haya, pole yako. Sogeeni karibu. Mwenye chungu motoni akakiepue kwanza, maana hadithi hii haimngojei mtu.

Kiangazi kilikuja, kikakaa. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Hata umande ukakauka. Likabaki bwawa moja tu bondeni, na ndani ya bwawa hilo alikuwamo Kiboko.

Kiboko alikuwa na nguvu nyingi na uchu mwingi zaidi. Alilala majini kutwa nzima, yanaonekana matundu ya pua tu, puuuf, puuuf. Swala akija kunywa, Kiboko anainuka: "Hoo-ho-ho-ho! Nani anaingia chumbani kwangu bila hodi?" Swala anakimbia. Ngiri akija kunywa, Kiboko anainuka: "Hoo-ho-ho-ho! Mzigo wa majani mabichi uko wapi?" Na majani mabichi kiangazi Ngiri atayatoa wapi? Ngiri anarudi alikotoka, ulimi mkavu kama gome.

Wanyama wakakutana, wakaunda kamati ya maji. Ilikuwa kamati ya kujitolea, haina mshahara wala posho. Ikatafutwa nafasi ya katibu. Kila mmoja akainamisha kichwa, akawa anakagua kwato zake kama vile ameziona leo. Ndipo nguchiro mmoja mdogo, mwembamba, mwenye mistari mgongoni, akasimama kwa miguu miwili. Jina lake Semeni.

"Niachieni mimi," akasema.

Wakapiga makofi, pa-pa-pa, wakaondoka upesi asije akabadili mawazo.

Semeni alikuwa na kamba ya katani. Kila kazi aliifungia fundo, na kazi ikiisha alilifungua. Hakuna mnyama bondeni aliyekuwa na mpango kama wake. Na siku ile, kabla ya fundo lolote la kamati, kamba ilikuwa na fundo moja tu. Hilo lilikuwa la mtoto.

Semeni alikuwa na mtoto mmoja, wa kwanza, aliyekuwa bado ndani ya kichuguu. Na nguchiro wana desturi yao. Mtoto wa nguchiro hatolewi nje, hutoka mwenyewe siku anayotaka. Siku hiyo, yule anayemkuta mlangoni ndiye anayemfuata. Akishamfuata amemfuata, habadiliki mpaka awe mkubwa. Huyo ndiye atakayemfundisha kupasua yai kwa kulirusha nyuma, katikati ya miguu, pa! Huyo ndiye atakayemwonyesha nyoka wa kushika na nyoka wa kukimbia. Hata mama mzazi akija baadaye na chakula kinywani, mtoto atakipokea kwa adabu, kisha atarudi kwa wake.

Semeni alijua hayo. Alijua pia kwamba zimebaki siku sita hivi. Kwa hiyo alilikaza fundo lile kwa meno. "Siku ya sita nitakaa mlangoni, sitaondoka hata kwa moto," akajiambia. Kisha akashuka bondeni kwenda kazini.

Alimkuta Kiboko majini. Semeni alijua mambo mawili juu yake. La kwanza, ngozi yake haiwezi jua. La pili, hawezi kusikia cheo asikitake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Sikuja kunywa, mzee. Nimepita tu. Tumempata Mwenyekiti wa Kilima, nampelekea habari zake."

"Nani huyo?"

"Ngiri."

Maji yakatibuka, chubwi! "Ngiri? Yule anayepiga magoti akila? Mimi nipo, mnampa Ngiri? Nipe mimi!"

"Ungefaa sana, mzee. Ila mkutano uko kileleni, asubuhi, jua likichomoza."

"Nipe nimesema!"

"Haya, mzee. Ni chako."

Kesho yake asubuhi Kiboko akapanda kilima, du! du! du! Semeni alikuwa amekwenda mapema kuwapanga kanga mistari miwili, na kuwafundisha wimbo:

Mzee wa vyeo, ee!
Jua limetoka, ee!
Kiti kinakungoja,
ukichelewa tutampa Ngiri!

Kiboko akahutubia. Akasema "kwanza kabisa" mara kumi na moja, asifike "pili" hata mara moja. Na huko bondeni swala wakanywa, punda milia wakanywa, nyumbu wakanywa na watoto wao. Kiboko aliporudi akajitupa majini, chubwi! Akaona maji yamepungua, lakini alikuwa anawaza cheo chake, hakuuliza.

Jioni Semeni akapita kichuguuni. Akatega sikio. Ndani akasikia, chwi, chwi.

"Mama yupo," akanong'ona. "Kazi kidogo tu."

Asubuhi ile peke yake haikutosha, maana wanyama ni wengi na kiu haina zamu. Siku ya pili Semeni akamletea Kiboko cheo kingine, Mlezi wa Ndege Wote, mkutano wake adhuhuri, uwandani, pasipo mti. Kiboko akakichukua. Siku ya tatu akamletea cha Mgeni Rasmi wa ufunguzi wa shimo jipya la Ngiri, alasiri. Kiboko akakichukua, akakaa kwenye mdomo wa shimo mpaka likazibika, na akapigiwa makofi.

Mikutano ikawa ya kila siku. Wanyama wakanywa asubuhi. Wakanywa adhuhuri. Wakanywa alasiri. Na kamba ya Semeni ikajaa mafundo, maana cheo ni cha Kiboko lakini mkutano ni wa katibu. Nani atawaita kanga? Semeni. Nani atafagia kilima? Semeni. Nani atasikiliza hotuba huku anatikisa kichwa? Semeni. Alikimbia, titititi, kutoka kilimani kwenda uwandani, titititi, kutoka uwandani kwenda shimoni. Akifungua fundo moja, anafunga mawili.

Wengine waliona. Ngiri alimfuata siku ya nne.

"Katibu, mkutano wa adhuhuri nikushikie mimi. Nenda kakae na mwanao."

"Wewe ukiona mzizi unasahau dunia, Ngiri. Niachie mimi."

Kanga naye akaja siku ya tano. "Mama, wimbo si tunaujua? Tutaimba wenyewe."

"Mtaanza kucheka, Kiboko atashtuka. Niachieni mimi."

Hakusema uongo. Ngiri husahau, na kanga hucheka. Lakini ukweli mwingine Semeni hakuusema, hata kwa nafsi yake. Kila alikopita wanyama walisema, "Katibu huyo! Bila yeye tungekufa!" na maneno hayo yalikuwa yakimwingia kama uji wa moto tumboni. Jioni ile hakupita kichuguuni. Alipita mbali kidogo, akafunga mafundo ya kesho. Fundo la mtoto lilikuwa linambana nafasi, akalifungua, akalifunga upya mbele, siku ya saba.

Fundo likasogea. Mtoto hakusogea.

Na pale kichuguuni alikuwapo wifi yake, dada wa mumewe, Havijawa. Havijawa hakuwa katika kamati yoyote. Kazi yake ilikuwa kulala mlangoni, tumbo juu, kuota jua. Watu wake walimtania, "Havijawa, umeshaamka au bado?" Naye hujibu, "Bado, msiniharakishe."

Siku ya sita ikafika. Kiboko alikuwa hoi. Ngozi imepasuka, kijasho chekundu kinamtiririka, macho yamemwiva. Semeni akaona wakati umefika wa kumtoa bondeni kabisa.

"Mzee, kimebaki kimoja tu. Mwenyekiti wa Wenyeviti."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Kiko wapi?"

"Mto mkubwa, ng'ambo ya vilima viwili. Ofisi yake iko majini, kina kirefu, na majani yako kando. Lakini mwenye cheo hicho haruhusiwi kuondoka ofisini."

"Nani angetaka kuondoka?" akasema Kiboko. "Twende!"

Wakajipanga barabarani, Kiboko mbele, kanga nyuma. Ndipo Havijawa akaja anakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona Havijawa anakimbia, hata Ngiri aliacha kutafuna.

"Wifi! Wifi Semeni! Mwanao anakwaruza mlangoni. Anatoka!"

Semeni akageuka. "Leo? Mbona nimemweka kesho?"

"Umemweka wapi?"

Semeni akatazama kamba. Akamtazama Kiboko, ambaye alikuwa ameanza kugeuza kichwa kuelekea bwawani. Akafikiri, wakirudi nyuma leo, kesho hatakubali tena.

Kanga mkubwa akamsogelea, akasema polepole, "Nenda, mama. Njia ya mtoni naijua. Sitacheka, nakuapia."

Lilikuwa neno moja tu la kusema. Haya. Nenda naye. Semeni alilihisi ulimini. Kisha akasikia mtu huko nyuma akisema, "Katibu akiondoka tutafanyaje?" Akalimeza.

"Wifi, mwambie anisubiri kidogo. Nakuja sasa hivi," akasema. "Kanga, panga mstari. Niachieni mimi."

Wakaenda. Kilima cha kwanza, du! du! du! Kilima cha pili, du! du! du! Semeni mbele, anaimba kwa sauti iliyopasuka. Kila hatua alijiambia, bado ana muda, mtoto hukwaruza sana kabla ya kutoka. Kila hatua alijua si kweli.

Kiboko alipouona mto alilia kwa furaha. Chubwiii! Akazama, akaibuka, akazama. Ngozi ikapoa. Majani mabichi hapa, majani mabichi pale. "Hii ndiyo ofisi!" akanguruma. "Bwawa lenu kaeni nalo. Sasa ketini, nina machache ya kusema. Kwanza kabisa..."

Semeni alikuwa anaweza kuondoka. Kiboko alikuwa amefumba macho, asingeona. Lakini katibu haondoki katikati ya hotuba, na Semeni alikuwa katibu mzuri. Akakaa. Akatikisa kichwa. Jua likavuka utosi, likaanza kushuka.

Aliporudi bondeni wanyama walikuwa bwawani, wadogo kwa wakubwa, wanakunywa pasipo hofu. Walipomwona wakapiga kelele, wakamnyanyua juu. "Katibu! Katibu! Katibu!" Yeye alikuwa anachungulia katikati ya miguu yao akitafuta njia. "Nishusheni," akasema. "Jamani, nishusheni." Wakadhani ni unyenyekevu, wakamrusha juu zaidi.

Alipofika kichuguuni alikuta mlango uko wazi, na udongo mbichi umetawanyika. Havijawa alikuwa amekaa pembeni, hajalala. Nyuma ya mkia wake alikuwapo mtoto mdogo, mwenye mistari mgongoni.

Siku hizo watoto wa wanyama walikuwa wakitoka na maneno yao kinywani. Mtoto akamtazama Semeni, akajificha chini ya tumbo la Havijawa.

"Nilimwambia akusubiri, wifi," akasema Havijawa, na sauti yake haikuwa ya utani. "Nilimfukuza mara tatu. Nikahama huku, akanifuata. Nikahama kule, akanifuata. Nisamehe. Mimi nilikuwepo tu."

"Njoo," Semeni akamwita mtoto. "Njoo, baba. Njoo kwangu."

Mtoto hakuja. Akachungulia. "Shangazi, huyu nani?"

Havijawa akafungua kinywa aseme neno "mama", likamkwama. Akajaribu tena. Mwishowe akasema lililokuwa rahisi: "Huyu ndiye aliyetuletea maji."

Macho ya mtoto yakang'aa. Kumbe alikuwa amesikia sifa za Katibu tangu asubuhi, kila mnyama aliyepita akizitaja. Akatoka hatua moja, akainamisha kichwa kwa heshima kubwa.

"Shikamoo, Katibu," akasema.

Huko bondeni walikuwa bado wanaimba jina lake.

"Marahaba," Semeni akaitika.

Basi mtoto akageuka, akamfuata Havijawa, titititi, wakaingia majanini.

Sasa, wenzangu, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba ukichaguliwa kiongozi wa kujitolea, usikatae kazi hata moja. Usimwachie Ngiri, atasahau. Usimwachie kanga, atacheka. Hotuba isikilize mpaka mwisho. Na mambo ya nyumbani yapange kesho, maana nyumbani ni kwako, hawawezi kukuvua cheo.

Mnaguna? Nani ameguna? Mimi nimesema mafunzo ya hadithi, wala sikusema mtu ayafuate.

Ngano yangu imekwisha. Aliyeipenda aende nayo akaipike kwake. Ambaye hakuipenda asiimwage, ampelekee jirani.