Siwema Perege na Mto Usio na Watoto

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, wa nyuma hawajaitikia!

Pakawa!

Zamani hizo, samaki wakisema na ndege wakisikia, mtoni paliishi perege jike, jina lake Siwema. Mumewe akiitwa Mkumbwa. Nanyi mwajua desturi ya perege: dume huchimba kiota mchangani, jike hutaga, kisha huyabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe.

Mvua zikaja. Siwema akangoja. Mkumbwa hachimbi.

"Mume wangu, mchanga huo hapo."

"Kesho."

Kesho ikaja, hachimbi. Wekundu wa mapezi yake ukafifia, ukafifia, ukawa kama majivu. Tumbo likavimba.

"Unaumwa?"

Mkumbwa akageukia magugu kwa aibu. "Siwema, nadhani nina mayai."

Siwema akatoka mbio. Akachungulia kwa jirani: dume hachimbi. Kwa jirani wa pili: hachimbi. Mto mzima, hakuna kitoto hata kimoja.

Mzee Kambare akaita baraza. Akapiga mkia, pwaa! "Wake ndio wenye kosa! Wamerogana! Maji yetu haya hapa, maangavu, hayanuki. Nani atayasingizia?"

Siwema akaondoka barazani. Mayai yamemjaa tumboni, na msimu unakwisha. Akaufuata mto kwenda juu, peke yake, roho mkononi.

Akafika penye bomba. Choro, choro, choro, linamwaga maji mtoni. Juu yake ametua Mdiria, ndege mla samaki. Siwema akasogea kando kidogo.

"Shikamoo, Bwana Mdiria. Usinile kwanza. Maji haya yatoka wapi?"

"Marahaba. Pale juu watu wana kiwanda cha dawa, dawa ya kuwazuia wanawake wasishike mimba. Wakiosha mapipa, humwaga huku. Haina rangi, haina harufu. Dume akikaa ndani yake, mwili wake husahau udume."

"Na mto ulio juu zaidi ya bomba hili?"

"Kule, nyuma ya yale mawe, madume wanachimba."

Siwema akarudi mbio. "Jamani, tuhame!" Kambare akacheka. Wachache wakamfuata, na Mkumbwa pia. Penye mawe wakaruka, mmoja mmoja, wakavuka. Mkumbwa akaruka, pwa! Akaanguka. Akaruka tena. Akaanguka. Tumbo zito.

"Nenda," akasema akihema. "Mayai yako yasipotee bure."

"Na wewe?"

"Nitakaa hapa bombani. Kila kijana apitaye nitamwambia asikae, apande."

Siwema akavuka akilia. Kule juu akataga kiotani mwa dume wa huko, akayabeba mayai kinywani. Kila asubuhi alikuja ukingoni mwa mawe. Kutoka chini sauti ikaita: "Siwema! Upo?"

Asiweze kujibu. Kinywa kimejaa watoto.

Basi, wakubwa kwa wadogo: maji kuwa maangavu siyo kuwa salama. Na nyumba ikikosa watoto, msimlaumu mama kabla ya kuyafuata maji mpaka yanakotoka.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake msiusahau.