Tundu Moja, Milango Mitatu

Sogeeni, aliye nyuma naye asikie. Nitawasimulia habari ya ndugu watatu, kisha nitawauliza swali. Jibu sinalo, kwa hiyo msinitazame usoni kulitafuta.

Huko Soni, milimani, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene, walikaa watoto watatu wa Mzee Hoza, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Zuena, mkubwa, alijaliwa subira. Kitu kikiharibika hakukipiga wala kukitikisa. Alijaribu jambo moja, akaliandika, ndipo akajaribu la pili. Mbelwa, wa katikati, alijaliwa mikono. Angeweza kutunga uzi kwenye sindano huku anazungumza na mtu. Mwanahija, kitinda mimba, alijaliwa hisi. Akiingia chumbani alijua mara moja nini kimehamishwa, nini kimepoa, nini kimepata moto.

Kipaji cha nne walikuwa nacho wote watatu, nacho ni wivu. Mmoja akisifiwa kwa chai nzuri, wawili waliionja wakasema imezidi tangawizi.

Sasa, Mzee Hoza alikuwa amepata bahati. Chuo kimoja cha lugha, ng'ambo, kilitaka kumsikia akifundisha kwa kompyuta siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Wakipendezwa naye, angefundisha kila wiki. Tangu astaafu alikuwa anashinda nyumbani akisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu, na mkewe alikuwa amechoka kusomewa makosa.

Lakini kisanduku cha intaneti kilikaa sebuleni, na mawimbi yake hayakupenya kuta zile hadi chumba cha vitabu cha mzee, mwisho wa ukumbi. Ilibidi upitishwe waya. Kisanduku kilikuwa na matundu manne ya kuchomekea nyaya, na mawili yalikwisha kuuawa na radi. Moja lingekuwa la baba. Likabaki moja.

Kila mtoto alilitaka hilo moja. Nani hataki intaneti chumbani kwake, mlango umefungwa, mbali na kelele za televisheni ya mama?

"Atakayenifanya nisikike," baba alisema wakati wa chakula, "ndiye nitakayempelekea waya wa pili chumbani kwake."

Najua kuna mmoja wenu anataka kuniambia wanunue kisanduku kingine. Hadithi hii haina duka. Tuendelee.

Mbelwa alianza, Jumanne. Alipanda juu ya dari, akatambaa kwenye vumbi na mavi ya panya, akavuta waya kutoka sebuleni hadi chumba cha vitabu. Kisha ikaja kazi ya ncha. Ndani ya waya ule mna nyaya nane nyembamba, kila moja na rangi yake, na lazima zipangwe kwa utaratibu ule ule huku na huku kabla ya kubanwa kwenye kichwa cha plastiki. Moja ikikosea nafasi yake, waya mzima unaweza kuwa bubu. Alikata, akapanga, akabana. Alikata tena mara tatu. Jioni taa ya kijani ikawaka.

"Kazi imekwisha," alisema, akijipangusa uso. "Nifagilieni chumba."

"Kwani baba atasikika kwa taa?" aliuliza Zuena.

Mwanahija alikuwa ameinua macho darini. "Kaka, ule waya uliobaki juu ya chumba chako umejikunja wenyewe?"

"Huo ni wa akiba."

"Akiba imelala juu ya kitanda chako."

Ulikuwa waya wa mita nane, na Mbelwa alikuwa ameupima ufike kitandani kwake.

Zuena aliingia kazini Jumatano, baada ya baba kujaribu kuzungumza na rafiki yake wa Tanga. Rafiki aliuona uso, sauti hakuipata. Baba alipaza sauti hadi jirani akaitika. Kipanya nacho kilikuwa kinaruka kwenye kioo kama panzi. Zuena alimtoa kila mtu chumbani, akachomoa vyote: kibodi, kipanya, kamera, maikrofoni. Akavirudisha kimoja kimoja na kuandika. Vikiwa vitatu, vyote vilifanya kazi. Cha nne kikiingia, maikrofoni ilikufa. Akaelewa: vyote vinne vilichomekwa kwenye kigawio kimoja kidogo, kile kifaa cha kulifanya tundu moja la kompyuta kuwa manne, na kigawio hakikuwa na umeme wa kuvitosha. Akaihamisha maikrofoni kwenye tundu la kompyuta yenyewe, kwa nyuma. Sauti ikatoka safi.

Hayo aliyajua asubuhi. Alikaa nayo rohoni hadi jioni, Mbelwa aliporudi kutoka mjini, ili ayaseme mbele yake. Mchana wote baba alikuwa anatembea ukumbini, na alikwisha kuandika nusu ya barua ya kuwaomba radhi wenye chuo.

"Ulijua tangu asubuhi?" mama alimwuliza.

"Nilikuwa nahakikisha, mama."

"Kutwa nzima, mwanangu?"

Alhamisi saa nne, Mzee Hoza alivaa koti na kuanza kufundisha. Wanafunzi sita walimsikiliza, wakacheka palipochekesha. Dakika ya ishirini picha iliganda, kisha ikatoweka.

"Umechomoa," Zuena alimwambia Mbelwa.

"Mimi? Aliyeshika vitu mara ya mwisho ni nani?"

Wakasimama mlangoni, huyu analinda waya wake, yule maikrofoni yake. Mwanahija alikwenda sebuleni akaweka kiganja juu ya kisanduku. Kilikuwa moto kama pasi. Mnajua desturi ya nyumba zetu: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, kochi lina vyake. Kisanduku nacho kilikuwa kimefunikwa kitambaa kinene cha kufuma, kimekunjwa mara mbili, na matundu yake yote ya kupumulia yamezibwa. Akakivua kitambaa, akazima kisanduku, akakipepea kwa ungo hadi kikapoa, akakiwasha. Baba akarudi hewani. Wanafunzi walikuwa bado wanamngoja. Somo lilipokwisha, wakamwambia aanze wiki ijayo.

"Kitambaa hiki kilitoka wapi?" mama aliuliza. "Jana hakikuwapo."

Wote waliutambua ufumaji wa Mwanahija. Alikifuma yeye, na asubuhi ile alikiweka yeye, kwa sababu hakuvumilia kuona somo la baba lina kitu cha kaka na kitu cha dada, na chake hakimo.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, baba aliwaita ukumbini. Waya wa pili ulikuwa mkononi mwake.

"Bila mimi, hawa wangekuwa wanahangaika na nini?" alisema Mbelwa. "Nyumba isingekuwa na waya."

"Waya usiotoa sauti ni kamba ya kuanikia nguo," alisema Zuena.

"Mlipokuwa mnagombana mlangoni, baba alikuwa amepotea," alisema Mwanahija.

"Na aliyempoteza ni nani?" aliuliza Zuena.

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote watatu, na sasa aliwajua zaidi ya alivyowajua Jumatatu.

"Kila mmoja wenu ametia mkono ili nisikike," alisema. "Na kila mmoja wenu ametanguliza yake mbele ya yangu."

"Kwa hiyo unampa nani?" mama aliuliza.

Milango mitatu ilikuwa wazi ukumbini, na ncha ya waya ilikuwa moja.

Haya, wasikilizaji wangu. Mzee Hoza bado amesimama pale. Tupime nini: kazi aliyoifanya mtu, au alichokuwa nacho moyoni alipoifanya? Ungekuwa wewe umeushika waya ule, ungeupeleka mlango gani? Na kabla hujafika huko, ungewaambia nini wale wawili utakaowapita?