Sabuni Kwenye Mkanda wa Injini

Ndugu zangu, amkeni huko nyuma, hii ni ya magari! Mimi shule niliiacha tukiwa bado tunahesabu kwa vijiti, lakini nikifungua boneti, injini yenyewe inaniamkia shikamoo. Kwa hiyo tulieni.

Alikuwepo baba mmoja, nyumba yake bondeni, kanisa juu mlimani. Ana gari kuukuu, na gari hilo lilikuwa linalia. Akiliwasha asubuhi, kuku wa wilaya nzima wanaacha kutaga. Na Jumamosi binti yake anaolewa. Mzee ameapa: atampandisha kwa gari lake mwenyewe, amshike mkono, amwingize kanisani.

Jirani akachungulia. "Mzee mwenzangu, humo ndani unachinja nguruwe?"

"Cheka tu! Jumamosi litapita kimya kama gari la balozi."

Akafungua boneti. Mkanda wa injini una nyufa kama kisigino cha nani? Chako wewe unayecheka! Akanunua mkanda mpya na tenshena mpya, ile puli ndogo yenye springi inayoukaza mkanda. Akaanza kuifungua tenshena ya zamani. Bolti imeshika kutu. Akaning'inia kwenye spana kama popo, akaitukana bolti kwa kilugha, bolti ikamwangalia tu. Akasema, aah, hii bado nzima. Akaiacha palepale, akafunga mkanda mpya juu yake.

Binti akatoka, kichwa nusu kimesukwa. "Baba, hicho kipuli cha mkanda kinachezacheza. Ukikizungusha kinanguruma."

"Mama, wewe ni bi harusi. Rudi kasuke."

Akawasha. Lo, likalia kuliko zamani! Akafanya nini? Mnajua, naona wengine mmeshainamisha vichwa. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaupaka mkanda. Kimya!

"Jirani, umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo sasa!"

Jumamosi ikafika. Maua kwenye boneti, na shela la bi harusi limejaa gari zima mpaka baba anaendesha kwa kuchungulia kama mwizi. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, mzee anapiga mluzi. Katikati ya mlima, pwaa! Beringi ya ile tenshena imekwama, mkanda umeruka nje, maji ya injini hayazunguki, mvuke unapanda mpaka mawingu yanapishana nao. Na huko juu mchungaji anaangalia saa, ana ndoa nyingine inasubiri mlangoni.

Baba akakaa chini barabarani. "Mwanangu, nilitaka usipate aibu."

"Aibu gani, baba? Lilipokuwa linalia, wote tulijua linaumwa. Ulipolinyamazisha, hata mimi nikasahau."

Likapita trekta la majani ya chai, nafasi ya mtu mmoja. Binti akakunja shela, akapanda. Baba akaupanda mlima kwa miguu, jasho linamtoka mifereji. Alipofika, pete zimeshavalishwa. Aliyemshika binti mkono na kumwingiza kanisani ni dereva wa trekta, na mabuti yake ya mpira.

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka?

Sisi tunamsema huyu mzee, na sisi wote tuna sabuni mfukoni. Mke analalamika: badala ya kumuuliza kinachomuuma, unamletea kitenge anyamaze. Mtoto hataki kwenda shule, hatumuulizi anaogopa nini huko, tunampa biskuti. Roho yako inakusuta kitandani, unafungua redio. Halafu tunakuja hapa mbele kushuhudia: "Ndugu, nyumbani kwangu kuna amani!" Amani ipi? Amani, au umepaka?

Mungu hajakuwekea kelele ili akuudhi. Anakuonyesha pa kufungua. Ndiyo, bolti ina kutu, ndiyo, utachubuka vidole. Chubuka! Mimi nasema bolti ya moyo inafunguka, tena inafunguka leo, ukiing'ang'ania na Bwana mpaka ilegee.

Sasa wewe baba uliyekaa pale dirishani. Mama watoto amekaa kimya wiki nzima, na wewe unanenepa kwa furaha. Ukitoka hapa usipitie popote. Nenda kamuulize.