Glavu Zenye Uzi Mwekundu

Wema hauozi, hata ukilowa maji ya bahari ya kaskazini.

Petrine aliishi na mumewe Hilmar, mtunza mnara wa taa, juu ya mwamba usio na gati. Mashua zilivutwa juu kwa winchi, mtambo wa kamba unaozungushwa kwa mkono. Bahari ikitulia, Petrine aliizungusha peke yake. Ikichafuka, ilitaka watu wawili.

Kila mvuvi aliyepita hapo alipewa kahawa na glavu kavu za sufu, akaziacha zake zikauke jikoni.

"Mke wangu, ipo siku utawagawia na suruali zangu," Hilmar alimtania.

"Zile zenye viraka? Nani atazitaka?"

Siku moja katika majira ya giza, jua lisipochomoza kabisa, Hilmar alikwenda bara kuchukua mafuta ya taa. Huku nyuma akapita mzee Ulrik, mvuvi, vidole vimekufa ganzi. Petrine alimnywesha kahawa, akamvisha glavu, akamuaga.

Haukupita muda, Ulrik akarudi ananung'unika. Petrine akamvuta juu, yeye na mashua yake.

"Mwanangu, unataka kuniua? Tazama!"

Alionyesha uzi mwekundu kwenye glavu. Petrine akashika mdomo. Ilikuwa alama ya Hilmar! Wanawake wa pwani ile hushona uzi wa nyumba yao kwenye glavu za waume zao, ili bahari ikimchukua mtu, atakayeokotwa ajulikane. Hakuna mvuvi aliyethubutu kuvua na alama ya mwenzake; waliamini bahari ingemchukua.

"Nisamehe, mzee wangu. Keti, zako zinakaribia kukauka."

Ulrik hajamaliza kikombe, upepo ukageuka. Mawimbi yakafura. Petrine alipochungulia, alimwona Hilmar chini ya mwamba, mashua ikirukaruka kama kifuniko cha chungu kinachochemka. Hilmar aliifunga kamba ya winchi kwenye mashua. Petrine akaushika mpini, akasukuma kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

"Mzee Ulrik! Mume wangu anakufa!"

Ulrik akatoka mbio, glavu zile zingali mikononi, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Petrine. "Sukuma, mwanangu! Sukuma!"

Mpini ulilia, ukazunguka. Wimbi lilipopiga mwamba, mashua ilikuwa imeshainuliwa, halikuifikia.

Hilmar alishuka, akamkumbatia mkewe. Kisha akaona kuwa glavu zilizokuwa mikononi mwa Ulrik ni zake.

"Mzee," alisema, meno yakigongana, "chukua na suruali!"

Petrine alicheka huku machozi yakimtoka, akaenda kuongeza maji kwenye birika. Hakika, wema hauozi.