Mto Uliokuja Chini ya Jua

Chungu cha kufunuliwafunuliwa hakiivishi. Mmeisikia methali hii asubuhi ya leo, wanangu, mkauliza imetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Mjini Morogoro alikuwapo msimamizi mmoja, Kihwele, aliyeongoza timu ya kutengeneza programu za kompyuta. Walipewa kazi ya kuunda programu itakayosoma kina cha mto huko milimani na kutuma onyo kwenye simu za watu wa bondeni kabla maji hayajawafikia. Mwaka uliotangulia mafuriko yalizoa familia nzimanzima, na masika yalikuwa yanabisha hodi tena.

Kihwele akashikwa na hofu. Kila alipoikumbuka mvua, aliita kikao. Vijana hawajakaa vizuri, anapita nyuma yao: "Umefika wapi? Na wewe?" Wakaanza kukosea hata mambo madogo, na kazi ikawa haisogei.

Siku moja alipoita kikao kingine, Sikudhani, binti aliyeshika sehemu ngumu kuliko zote, hakuinuka.

"Bosi, uniwie radhi. Umewahi kupika maharage?"

"Sikudhani, sina muda wa maharage!"

"Ukifunua chungu kila mara, mvuke unatoka. Kuni zinakwisha, maharage bado mawe. Na sisi ukituinua vichwa, tuliyoyashika akilini yanatoka vilevile. Mvua haitatusubiri, bosi."

Kihwele alitaka kufoka, lakini akayaona macho mekundu ya vijana wake, akajua ni kweli. Tangu hapo walikutana asubuhi tu, kwa kifupi. Kisha yeye alikaa mlangoni, akazuia wageni na kupokea mwenyewe simu za wakubwa. Ulimi ulimwasha, asiulize. Programu ikakamilika masika yakianza.

Mto ulipofura kwa mvua ya huko milimani, Kihwele alikuwa bondeni. Jua lilikuwa kali, angani hakuna hata wingu. Ghafla simu zikalia nyumba hadi nyumba. Watu wakabeba watoto, wakaswaga mbuzi, wakapanda kilimani. Naye akapanda nao, akijiuliza kama programu imekosea.

Ndipo mto ukaja. Ulikuja ukinguruma, umebeba miti na mizizi yake, ukazifunika nyumba walizotoka sasa hivi. Bibi mmoja akamshika mkono.

"Nani huyo aliyejua, baba?"

Kihwele akapiga simu ofisini.

"Sikudhani, wako juu. Wote."

Upande wa pili alisikia kilio tu.

Basi mkimwona mwenzenu kainamia kazi, na nyinyi hofu imewabana, mwacheni. Chungu cha kufunuliwafunuliwa hakiivishi.